Mchezo wa klabu wa dakika 90: ubao, saa na kalamu

Wachezaji wawili wa klabu wenye kiwango kimoja wakikaa mezani kwa saa nne, anayeshinda mara nyingi si yule aliyekariri ufunguzi mrefu kuliko mwenzake. Ni yule ambaye hakuacha kete yatima, yaani isiyolindwa na nyingine, hakufika hatua ya 30 akiwa na dakika mbili, na alijua mkono wake unaruhusiwa kufanya nini. Mwongozo huu ni wa mtu anayejua tayari kete zinavyotembea, na sasa ameandikishwa kwenye mashindano yanayohesabiwa kiwango, yaani namba inayopima nguvu ya mchezaji: dakika 90 kwa kila mchezaji, na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Kanuni zinazotajwa hapa ni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, toleo lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023.

Majina ya kete hutofautiana kutoka kijiwe hadi kijiwe. Hapa tutasema mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Kwenye kuandika hatua tutatumia herufi zilizozoeleka klabuni: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, na askari hana herufi. Mraba hutajwa kwa herufi ya mstari wake, a hadi h kutoka kushoto kwa Mweupe, na namba ya safu, 1 hadi 8 kutoka upande wake; x ni kula, + ni cheki, O-O ni kaslingi fupi, ! ni hatua nzuri, na nukta tatu baada ya namba ni hatua ya Mweusi. Kanuni zinamruhusu mchezaji kutumia herufi za lugha yake, lakini kwa Kiswahili unakwama mlangoni, maana mfalme na malkia wote wanaanza na M.

Kuna onyo moja kwa waliokulia kwenye drafti. Kule ukiweza kula ni lazima ule. Huku kula ni hiari, na mkono uliozoea kula bila kuuliza ndio unaopoteza michezo mingi ya mwaka wa kwanza klabuni.

Kabla ya saa kuwashwa

Fika dakika 20 kabla. Tafuta jina lako kwenye orodha ya jozi, angalia namba ya meza na rangi utakayochezea, halafu soma masharti ya mashindano kuhusu kuchelewa. Kila mashindano hujiwekea muda wa kumsubiri aliyechelewa. Mengine hutoa nusu saa. Masharti yasipotaja chochote, muda huo ni sifuri: asiyekuwepo saa inapowashwa amepoteza mchezo.

Simu ni jambo la hatari kuliko mpinzani. Ikigundulika uko nayo mwilini ndani ya ukumbi, hata kama haijalia, mchezo umekwisha na pointi ni ya mwenzako. Iache nyumbani, au mkabidhi mwamuzi. Masharti yakiruhusu kuiweka kwenye begi, iwe imezimwa kabisa, na begi hilo usiliguse tena bila ruhusa. Kuiweka kimya hakutoshi, na saa ya mkononi inayopokea ujumbe inahesabiwa vilevile.

Ubao: mraba wa kona ya mkono wako wa kulia uwe mweupe, na malkia akae kwenye rangi yake. Kwa kete za mashindano, ambazo mfalme wake ana urefu wa karibu sentimita 9.5, mraba wa sentimita 5 hadi 6 kila upande unatosha. Mraba ukiwa mdogo kuliko huo, kete zinabanana na utaanza kuzigusa bila kukusudia, jambo ambalo, kama tutakavyoona, lina gharama.

Saa ikague mwenyewe hata kama imepangwa na mwamuzi. Saa nyingi za kidijitali zitaonyesha 1:30:30 kabla ya hatua ya kwanza, kwa kuwa nyongeza ya hatua hiyo imeshaingizwa. Baada ya hatua mbili au tatu, angalia kama sekunde 30 zinaongezeka kweli kila unapobonyeza. Zisipoongezeka, simamisha saa na umwite mwamuzi papo hapo. Ukilalamika saa mbili baadaye, hesabu ya kurudisha muda inakuwa maumivu ya kichwa kwa kila mtu.

Kalamu ziwe mbili. Maji yawepo. Kuhusu chakula, sahani ya pilau nusu saa kabla ya raundi ni zawadi kwa mpinzani: usingizi utakufika hatua ya 20, pale pale mchezo unapoanza kuwa mgumu. Ndizi na karanga kidogo zinatosha.

Mkono

Ukigusa kete yako kwa makusudi wakati wa zamu yako, lazima uisogeze kama kuna hatua halali. Ukigusa ya mpinzani, lazima uile kama inalika. Ukitaka kuiweka sawa kete iliyokaa upande, sema "narekebisha" kwanza, ndipo uguse, na ufanye hivyo zamu ikiwa yako. Kusema baada ya kugusa hakusaidii kitu.

Kila hatua hutumia mkono mmoja, na mkono uleule ndio unaobonyeza saa. Hili linawanasa watu kwenye kaslingi, kwenye kula, na pale askari anapogeuzwa malkia, kwa sababu ni rahisi kutumia mikono miwili kwa haraka. Ukishabonyeza saa baada ya hatua ya mikono miwili, unaadhibiwa kana kwamba umecheza hatua isiyo halali.

Kaslingi inaanza kwa mfalme: msogeze miraba miwili, halafu ngome iruke upande wa pili. Ukishika ngome kwanza kisha mfalme, umepoteza haki ya kaslingi upande huo kwa zamu hiyo, na ngome uliyoigusa ndiyo itakayosogezwa. Na kuna ubishi usiokwisha vijiweni: je, kaslingi inaruhusiwa ngome ikiwa inashambuliwa? Inaruhusiwa. Kinachokatazwa ni mfalme kuwa kwenye cheki, kupita kwenye mraba unaoshambuliwa, au kutua juu yake. Kwenye kaslingi ndefu ya Mweupe, ile ya upande wa malkia, mraba wa b1 unaweza kushambuliwa na bado ukapita, kwa kuwa ni ngome inayoupita, mfalme haufikii.

Askari anapofika safu ya mwisho, mwondoe, weka malkia, ndipo ubonyeze. Ukibonyeza askari akiwa bado amesimama pale, ni hatua isiyo halali. Malkia hayupo mezani? Simamisha saa, omba kwa mwamuzi. Ile desturi ya kugeuza ngome miguu juu na kuiita malkia haitambuliki: kikanuni hiyo ni ngome, na mpinzani anayejua sheria atacheza kana kwamba ni ngome.

Hatua isiyo halali ya kwanza inampa mpinzani dakika 2 za ziada. Ya pili inakupotezea mchezo, isipokuwa mpinzani hana kete za kuweza kukupa chekimeti kwa njia yoyote, na hapo inakuwa sare.

Kalamu

Utaratibu ni huu: mpinzani acheze na abonyeze, wewe uandike hatua yake, ufikiri, ucheze, ubonyeze, kisha uandike yako. Kuandika hatua yako kabla ya kuicheza kumekatazwa, ila unapodai sare, jambo tutakalolifikia. Mazoea ya kuandika kwanza ili "kuiona vizuri" yalikuwa ya kawaida zamani, na wazee wa klabu bado wanayo. Mwamuzi mkali atakuonya.

Wengi wanaamini kwamba muda ukishuka chini ya dakika 5 unaweza kuacha kuandika. Hiyo ni kweli pale tu ambapo hakuna nyongeza ya angalau sekunde 30. Kwa dakika 90 na sekunde 30, unaandika hadi hatua ya mwisho, hata jasho likikutoka. Ndiyo maana sekunde 30 si sekunde 30: toa tano za kuandika hatua mbili, toa mbili za kusogeza na kubonyeza, unabaki na ishirini na kitu za kufikiri.

Kila baada ya hatua tano, andika pembeni dakika ulizobaki nazo na za mpinzani. Ni wino kidogo tu, lakini baada ya mchezo ndiyo kumbukumbu pekee itakayokuonyesha muda wako ulikwenda wapi.

Saa

Kwa hatua 40 una jumla ya dakika 110: 90 za mwanzo na 20 za nyongeza. Huo ni wastani wa dakika mbili na robo tatu kwa hatua, lakini anayecheza kwa wastani anacheza vibaya. Hatua za ufunguzi unaozijua zisikule zaidi ya nusu dakika kila moja, ili akiba ibaki kwa zile hatua tatu au nne zinazoamua mchezo. Kipimo kinachofaa ni hiki: ukimaliza hatua ya 12 saa isomeke angalau dakika 80, hatua ya 20 dakika 60, hatua ya 30 dakika 30, hatua ya 40 dakika 15.

Hatua zinazostahili muda mrefu zinajulikana kwa sura. Ni pale kete za katikati zinapokaribia kulana na ubao ukabadilika umbo. Ni pale unapotaka kumsukuma askari aliye mbele ya mfalme wako, kwa kuwa askari harudi nyuma. Ni pale malkia wanapotaka kubadilishana na kinachobaki ni mwisho wa mchezo. Hapo toa dakika 8, 10, hata 12. Ukizidi dakika 15 kwa hatua moja, kwa kawaida hufikirii tena. Unazunguka kwenye hesabu zilezile mbili. Chagua iliyo salama zaidi kati ya hizo na uendelee.

Mpinzani akikaribia kuishiwa muda, usiongeze kasi ili kumchanganya. Huu ndio mtego wa kale kuliko yote: mwenye dakika 25 anacheza kwa kasi ya mwenye dakika 2, na anayechemsha ni yule mwenye dakika 25. Tumia muda wako, mwache yeye atumie wake.

Ufunguzi: kidogo na kinachotosha

Chini ya kiwango cha 1800 unahitaji ufunguzi mmoja kwa nyeupe na majibu mawili kwa nyeusi, basi. Kwa nyeupe, ule wa Kiitaliano ni shule nzuri: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Bc5 4.c3 Nf6 5.d3 d6 6.O-O O-O. Hakuna anayekufa mapema, kila kete ina kazi, na mapambano yanakuja hatua ya 10 kwenda juu. Kwa nyeusi, jibu 1.e4 kwa 1...e5, na 1.d4 kwa 1...d5 2.c4 e6 3.Nc3 Nf6.

Ukichagua 1...e5 kuna jambo moja ambalo lazima ulijue kwa moyo, kwa sababu utakutana nalo ndani ya mwezi wa kwanza: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5. Farasi na askofu wa Mweupe wote wanalenga f7. Jibu ni 4...d5 5.exd5, na hapa ndipo watu wanapoangamia. Mkono unataka kula kwa 5...Nxd5, ndipo inakuja 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+ na mfalme analazimika kupanda 7...Ke6 ili kumlinda farasi wa d5, kisha 8.Nc3 inaongeza shinikizo. Mweusi ana farasi wa ziada kwenye hesabu, lakini mfalme wake amesimama katikati ya barabara, na mtu wa kawaida mbele ya saa hawezi kupata hatua sahihi mfululizo. Cheza 5...Na5, mshambulie askofu. Baada ya 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6 umetoa askari mmoja, ila kete zako zinatoka haraka na za Mweupe zinarudi nyuma kutafuta pa kukaa.

Mpinzani akitoka kwenye kile unachokijua hatua ya 4, usitishike. Hatua ya ajabu haimaanishi hatua mbaya, wala haimaanishi lazima uiadhibu mara moja. Toa farasi na maaskofu, mfiche mfalme, unganisha ngome mbili. Kisha utazame.

Kufikiri kwa utaratibu

Mchezo wa klabu huamuliwa hapa. Mpinzani akibonyeza saa, swali la kwanza lisiwe "nitacheza nini?" Liwe "hatua hii imebadilisha nini?" Kete iliyosogea inashambulia nini sasa, imeacha kulinda nini, na imefungua mstari au mshazari gani nyuma yake? Swali la tatu ndilo linalosahaulika, kwa sababu jicho huifuata kete iliyosogea na haliangalii nafasi iliyoachwa wazi.

Kisha chagua hatua mbili au tatu za kupima. Kwa kila moja fuata mpangilio uleule: cheki zote, za kwako na zake, kula zote, halafu vitisho. Cheki zinatangulia kwa kuwa zinalazimisha jibu, na hesabu yake ni fupi. Kwenye kula, hesabu washambuliaji na walinzi wa mraba: ukiwa na wawili naye ana wawili, kwa kawaida huli. Lakini hesabu ya vichwa peke yake hudanganya. Thamani nazo zina neno: askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Ukiwa na washambuliaji watatu dhidi ya walinzi wawili, ila wa kwanza kuingia analazimika kuwa malkia, umepata hasara.

Tazama mfano mmoja wa kete inayodhaniwa imebanwa. 1.e4 e5 2.Nf3 d6 3.Bc4 Bg4 4.Nc3 g6. Mweusi anaamini farasi wa f3 hawezi kuondoka kwa sababu malkia yuko nyuma yake. 5.Nxe5! Akimla malkia kwa 5...Bxd1, basi 6.Bxf7+ Ke7 7.Nd5 na ni chekimeti. Jibu lake bora ni 5...dxe5 6.Qxg4, akiwa amepoteza askari tu. Chekimeti hii inaitwa kwa jina la Légal, Mfaransa wa karne ya 18, na bado inawapata watu kila mwaka.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 d6 4.Nc3 Bg4. Ubao unafanana, mkono unawasha. Lakini 5.Nxe5 sasa ni kosa kubwa, kwa kuwa farasi wa c6 anakula kwa 5...Nxe5, na kwa hatua hiyo hiyo anamlinda askofu wa g4 na kumshambulia askofu wa c4. Mweupe ametoa farasi kwa askari mmoja. Mwenye kukariri picha anaanguka hapa; mwenye kuuliza "nani anaweza kula e5, na anatua wapi?" haanguki.

Ukishaamua, usiguse. Weka mikono chini ya mapaja ikibidi. Vuta pumzi moja, halafu utazame ubao kana kwamba ndiyo kwanza umefika mezani: nikicheza hivi, kuna cheki gani dhidi yangu, kuna kete yangu gani isiyolindwa na yeyote? Ukaguzi huu unachukua sekunde 15, na kosa la kumwacha malkia linaonekana ndani ya sekunde tatu za mwanzo.

Kuna nyakati ukaguzi unafaa kurudiwa mara mbili, na zote ni nyakati za raha: baada ya kushinda kete, baada ya mpinzani kufanya kosa la wazi, na pale unapoona ushindi wa hatua chache. Umakini hushuka pale mtu anapoanza kuhesabu pointi kichwani. Safu ya kwanza ndiyo inayolipiza: ngome zako zimekwenda kushambulia, mfalme amefungwa nyuma ya askari wake watatu, na ngome moja ya mpinzani inashuka hadi safu ya mwisho. Kumfungulia mfalme dirisha kwa h3 au h6 mapema, wakati hakuna moto, kunagharimu hatua moja tu. Usifanye hivyo kwa mazoea mpinzani akiwa tayari ameelekeza kete upande huo, kwa kuwa askari aliyesogea ndiye anayekuwa ndoano ya kuvutia ukuta wote.

Sare: jinsi ya kuomba na jinsi ya kudai

Kuomba sare ni hatua tatu kwa mpangilio: cheza hatua yako, sema "sare?", bonyeza saa. Andika (=) kwenye karatasi, na mpinzani naye aandike. Anaweza kukataa kwa mdomo au kwa kugusa tu kete akitaka kucheza. Ukikataliwa, nyamaza. Kuomba kila baada ya hatua tatu ni usumbufu, na mwamuzi anaweza kukuadhibu.

Kudai ni jambo jingine, na watu wengi wanapoteza haki yao kwa sababu ya mkono. Hali ileile ya ubao ikitokea mara tatu, zamu ikiwa ya mchezaji yuleyule na uwezekano wa hatua ukiwa uleule, unaweza kudai sare hata kama marudio hayakufuatana. Ikiwa ni hatua yako ndiyo itakayoleta mara ya tatu, iandike kwenye karatasi bila kuicheza, simamisha saa, mwambie mwamuzi. Ikiwa ameileta mpinzani, dai kabla hujagusa kete yoyote. Ukigusa, haki hiyo imepita kwa zamu hiyo. Dai likiwa si sahihi mpinzani anaongezewa dakika 2, na kama ulikuwa umeandika hatua, unalazimika kuicheza.

Utaratibu huohuo unatumika kwa hatua 50 za kila upande bila kula wala kusogeza askari. Marudio matano na hatua 75 hayahitaji dai: mchezo umekwisha wenyewe.

Kumaliza

Mambo machache ya mwisho wa mchezo yana faida kuliko kurasa mia za ufunguzi.

La kwanza ni mfalme na askari. Mfalme mweupe e5, askari e4, mfalme mweusi e7: zamu ikiwa ya Mweusi, Mweupe anashinda, zamu ikiwa ya Mweupe, ni sare. Wafalme wanatazamana, na mwenye kulazimika kusogea ndiye anayepisha njia. Lakini mfalme mweupe akishafika e6 na askari wake yuko e5 nyuma yake, dhidi ya mfalme wa e8, Mweupe anashinda, zamu iwe ya yeyote. Askari wa a na h hawafuati sheria hii. Huko mfalme mtetezi akifika kona, kwa kawaida ni sare.

La pili ni ngome, kwa sababu ndizo hubaki ubaoni mara nyingi zaidi. Ukiwa unatetea dhidi ya ngome na askari mmoja, mfalme wako akiwa mbele ya askari, weka ngome yako kwenye safu ya tatu kuhesabu kutoka upande wako ili mfalme wa mpinzani asipite. Kaa hapo. Askari akisogea hadi kwenye safu hiyo, mfalme wake amepoteza pa kujificha: peleka ngome mwisho kabisa wa ubao na umpe cheki kutoka nyuma hadi achoke.

Ukiwa unashambulia, na mfalme wako amefika mbele ya askari wako, jenga daraja. Mweupe: mfalme d8, askari d7, ngome f1. Mweusi: mfalme g7, ngome c2. 1.Rf4 Rc1 2.Ke7 Re1+ 3.Kd6 Rd1+ 4.Ke6 Re1+ 5.Kd5 Rd1+ 6.Rd4 na cheki zimekwisha. Siri yote iko kwenye hatua ya kwanza: ngome inangoja safu ya nne ili baadaye ije kumkinga mfalme. Asiyejua hili humpeleka mfalme huku na huko hatua 50 na kuambulia sare.

La tatu ni mkwamo. Mfalme wa mpinzani amebaki peke yake kona ya h8, wewe unaweka malkia g6 bila cheki, na ghafla hana pa kwenda: sare. Malkia akiwa umbali wa ruko la farasi kutoka kwa mfalme aliye kona, simama na uhakikishe kwanza.

Muda wako ukiisha bila mpinzani kuwa na kete za kumaliza, kwa mfano amebaki na mfalme mtupu, matokeo ni sare. Vinginevyo umepoteza, hata ukiwa na malkia wawili.

Ukiona mchezo hauokoleki, simamisha saa na utoe mkono. Ila usiharakishe kwa kupoteza askari wawili tu. Kwenye kiwango cha klabu, mwenye ngome ya ziada na dakika 4 ana kazi kubwa kuliko inavyoonekana kwa watazamaji. Matokeo yaandikwe kwenye karatasi zote mbili, 1-0, 0-1 au ½-½, na nyote mtie saini. Linganisha kabla ya kusaini: karatasi iliyogeuzwa matokeo na kusainiwa na wote wawili ni shida kuirekebisha.

Halafu tokeni nje ya ukumbi na mpinzani wako, mpitie mchezo kwa ubao bila kompyuta. Muulize aliogopa nini hatua ya 18, maana hilo programu haiwezi kukwambia. Nyumbani ndipo uingize mchezo Lichess, tovuti ya sataranji ambayo ni bure, na kuiacha Stockfish, programu ya kuchambua hatua, ipime. Usihangaike na kila tofauti ya nusu askari. Tafuta sehemu ambapo tathmini imeruka, ilinganishe na dakika ulizoandika pembeni, uone kama uliteleza kwa kutojua au kwa kucheza ndani ya sekunde 20.

Kiwango nacho ni hesabu ya wazi. Ili kupata kiwango cha FIDE cha kwanza unahitaji angalau michezo 5 dhidi ya wenye kiwango, na tangu Machi 2024 kiwango cha chini kabisa ni 1400. Mchezaji mpya anahesabiwa kwa kizidishi cha 40 (namba inayozidishwa na tofauti kati ya pointi alizopata na alizotarajiwa kupata) hadi atimize michezo 30, kisha 20 akiwa chini ya 2400. Vijana walio chini ya miaka 18 hubaki na 40 wakiwa chini ya 2300. Tuseme kizidishi chako ni 20 na mpinzani amekuzidi pointi 100: unatarajiwa kupata 0.36. Ukishinda unaongezewa 12.8, sare inakupa 2.8, ukipoteza unatolewa 7.2.